Mchezo wa Gogo

Habari ya wageni ililetwa na mjumbe wa mtaa, mtu ambaye hajawahi kuleta habari nzima tangu apewe cheo. Alisimama mlangoni mwa ua, mguu mmoja ndani, mwingine nje, akasema keshokutwa watakuja watu kuangalia watoto wenye ulemavu, kwa hiyo kila mzazi akae nyumbani na mtoto wake. Dobi akamuuliza ni watu gani, na wanaleta nini. Mjumbe akasema yeye kaambiwa aseme hivyo tu, akaenda zake kugawa nusu habari kwenye nyumba nyingine.

Mambo yalianza kwenda mrama hapo. Nalisema mapema kwa sababu baadaye mtaa mzima ulimrushia lawama mama wa mtoto, na mjumbe akawa wa kwanza kutikisa kichwa.

Mama huyo ndiye dobi. Alikuwa mwanamke mwembamba ambaye mikono yake ilizeeka kwa sabuni kabla ya uso wake. Alifua na kupiga pasi nguo za watu kwenye ua walimopanga chumba kimoja, yeye na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya mtu. Mtoto wao alikuwa mmoja, msichana wa miaka tisa. Baba yake alimpa jina la Hakimu, kwa sababu tangu akiwa mchanga alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho mpaka mtu aanze kujishuku. Jina likashika, na la cheti likasahaulika.

Hakimu alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, na mwili wake haukuwahi kulisamehe jambo hilo. Miguu haikumbeba. Mkono wa kulia ulijikunja kifuani, shingo ilichoka haraka, na maneno yalimtoka kwa kusukumwa, moja moja, mengine nusu. Kichwani lakini hakupunjwa kitu. Baba yake alimtengenezea kiti kwa vyuma chakavu vya karakanani, kina mkanda wa kiunoni na ubao wa mbele, na kikombe cha bati chenye mikono miwili. Humo kitini Hakimu alishinda uani kando ya beseni la mama yake, akipanga soksi. Nguo za nyumba tano zikichanganyika, soksi ndizo humvunjia dobi jina. Hakimu hakukosea. Aliinusa soksi, akaigeuza kwa mkono wa kushoto, akasema "mwalimu," au "duka," na soksi ya mwenye duka ikarudi kwa mwenye duka. Alikuwa na madaha katika kazi hiyo. Ukimharakisha anakutazama mpaka unaomba radhi.

Shida ni kwamba nguo hazijileti. Lazima mtu azifuate kwa wenyewe, na lazima mtu azirudishe. Zamani dobi alimfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko, furushi kichwani, wakazunguka wote wawili. Kisha mtoto akakua, na mgongo wa mama ukakataa. Akajaribu kumfungia chumbani. Siku moja alirudi alasiri akakuta kiti kimepinduka, Hakimu yuko kifudifudi juu ya saruji, mdomo umepasuka, sauti imekauka kwa kuita. Majirani wote walikuwa kazini. Tangu siku hiyo dobi hakutoka tena. Alifua zile tu zilizoletwa na wenyewe, na watu wenye muda wa kumpelekea dobi nguo mlangoni ni wachache. Wateja walihamia kwa madobi wenye miguu huru. Jioni sufuria ilibandikwa kwa mazoea.

Kwa hiyo alichokihitaji kilikuwa wazi kama mchana. Alihitaji mahali pa kumwacha mtoto mchana kutwa, au mtu wa kukaa naye. Hakuomba zaidi ya hapo, na hilo lenyewe aliliona kubwa mno hata kulitamka.

"Dada, safari hii usijitie kitanzi," msusi wa chumba cha pili alimwambia siku ileile, amekaa kwenye kigoda, anachambua nywele za bandia. Huyu alikuwa na mdomo na huruma kwa kiasi kilekile, na vyote viwili havikujua kukaa kimya. "Unakumbuka magodoro?"

Dobi alikumbuka sana. Watu wa magodoro walikuja na gari, wakamkuta Hakimu ndani ya gauni safi, kitini, anapanga soksi na kucheka. Wakampigapiga begani. Wakasema huyu hajambo, huyu ana nafuu, hongera sana mama. Kisha wakavuka barabara wakampa godoro mwanamke wa ng'ambo, ambaye mwanawe alikutwa amelala sakafuni na nzi usoni. Baadaye wakaja watu wa unga, ikawa yaleyale. Dobi alikuwa na hongera za kujaza sufuria, ila hongera haziivi.

"Mtoto wako ukimwogesha unamkosesha riziki," msusi akaendelea. "Hawa watu wanakuja kuona shida. Waonyeshe shida."

"Kwani shida sina?"

"Unayo. Lakini umeipiga pasi."

Dobi akacheka. Lakini jioni, akimlisha mwanawe, maneno yale yalikuwa bado yanamzunguka, na hakuona tena la kuchekesha. Hakumwambia mumewe kitu. Alijua angekataa, na angekataa kwa kelele, maana kile kiti alikipenda karibu sawa na mtoto anayekikalia.

Kesho yake wakaanza mazoezi.

"Tunacheza mchezo," dobi alimwambia Hakimu, amechutama mbele yake. "Unaitwa mchezo wa gogo. Gogo linasema?"

"Aa," Hakimu akasema.

"Gogo linacheka?"

"Aa."

"Gogo linashika kikombe?"

Hakimu alilipima swali hilo kama anavyopima soksi. "Aa," akasema, na macho yakaanza kung'aa.

Walimfungua mkanda, wakamlaza kwenye mkeka. Msusi ndiye aliyekuwa mgeni. Aliingia kwa hodi na mkoba kwapani, akakunja uso, akamtekenya mtoto nyayo, akamsimulia mambo ya mwenye nyumba na tumbo lake baya. Mara ya kwanza Hakimu hakustahimili hata kidogo. Mara ya pili alijikaza mpaka machozi yakamtoka. Msusi akakaa chini, akafuta jasho, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Basi, mchezo umekwisha. Kunywa maji, mwanangu." Mkono wa kushoto ukanyanyuka kufuata kikombe.

"Gogo limeshika kikombe," msusi akasema. "Umeshindwa."

Hakimu alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi ainuliwe na kupigwapigwa mgongoni. Alipopata pumzi akasema, "Tena."

Naomba hapa nieleweke. Michezo yote ya watoto wa uani pale ilikuwa ya miguu. Kukimbia, kujificha, kuruka kamba. Hakimu aliitazama yote kutoka kitini, mingine akiwa mwamuzi wa kubandikwa tu, maana hakuna aliyefuata hukumu yake. Huu ulikuwa mchezo wa kwanza katika maisha yake ambao mwili wake ulimruhusu kumshinda mtu. Aliushika kwa mikono miwili, hata ule usioshika kitu.

"Sasa sikiliza," mama yake akamwambia. "Hata mimi nikikwambia umekwisha, usikubali. Nitakudanganya. Nitakubembeleza. Hata nikilia, nadanganya. Mchezo unakwisha wageni wakishatoka, si kabla. Umenielewa?"

"Ndi-yo."

Akamjaribu. Akamwita kwa jina, akamwita kwa jina la cheti, akajifunika uso akalia kilio cha uongo ambacho katikati yake kilitaka kugeuka cha kweli. Hakimu alilala vilevile, kinywa wazi, macho yametazama paa. Pembe ya mdomo tu ndiyo iliyotetemeka. Mama yake akamkumbatia akamwambia hakuna mtoto mwenye akili kama yeye, na alimaanisha.

Siku ya wageni walikihamishia kiti chumbani kwa msusi. Kikombe kikasukumwa chini ya kitanda. Dobi akachagua gauni bovu kuliko yote, kisha akaona bado ni safi mno, akachukua jivu la pasi akalipaka kifuani na mabegani. Mwanamke aliyeishi kwa kutoa madoa ya watu alikaa akamtia mwanawe madoa, akayasugua yaingie. Mkono ulimuuma kuliko siku za kufua mablanketi. Hakimu alimtazama akifanya hivyo bila kuuliza. Alijua ni sehemu ya mchezo.

Walikuja wawili, mwanamke wa makamo mwenye miwani na bwana mmoja mrefu aliyebeba begi. Walivua viatu mlangoni bila kuombwa. Mwanamke wa miwani akapiga magoti kwenye mkeka na, kabla hata ya kumsalimu mama mtu, akamsalimu mtoto.

"Hujambo, mama? Unaitwa nani?"

Mtu mwingine angelishtukia jambo hilo. Wageni wa msaada humwangalia mtoto na kuzungumza na mzazi, na huyu alifanya kinyume. Dobi aliliona, lakini alikuwa ameshaupiga moyo konde na hakuwa na nafasi ya kufikiri mara mbili.

"Hasemi huyo," akajibu.

Bwana mrefu akafungua begi, akapanga mbele ya Hakimu vikombe vya rangi, mpira mdogo na mdoli wa kitambaa. Akauviringisha mpira mpaka ukamgusa vidole. Akaficha mdoli chini ya kikombe, polepole, ili aonekane anaficha. Gogo likatazama paa.

"Anaelewa akiambiwa jambo?"

"Haelewi."

"Anashika kitu? Kijiko, labda?"

"Hashiki. Namlisha kila kitu."

Kila alipojibu, uso wa yule mwanamke ulishuka kidogo. Dobi aliuona ukishuka na moyo wake ukapanda, kwa sababu alidhani ile ni huruma, na huruma ndiyo aliyoiwinda. Akatia chumvi. "Hajui hata jina lake," akasema. "Hata mimi sidhani kama ananijua." Hakimu aliposikia hilo pembe ya mdomo ikatetemeka, maana kilikuwa kichekesho kikubwa kuliko vyote vya msusi, lakini akashinda.

Mwanamke wa miwani akainuka, akajipangusa magoti. "Pole sana, mama. Kweli pole. Tulikuwa tunatafuta watoto wa kuanza nao."

"Kuanza nao nini?"

"Shule. Kwani hamkuambiwa?" Akamtazama mwenzake kwa uchovu. "Tumefungua shule kule nyuma ya soko, ya watoto wasioweza kutembea. Kuna gari linalowafuata asubuhi mlangoni na kuwarudisha jioni. Wanakula hukohuko, na mzazi halipi kitu. Lakini nafasi ni chache na walimu ni wachache, kwa hiyo kwa sasa tunachukua wale wanaoelewa angalau maneno madogo. Lete, chukua, weka. Huyu wetu bado, mama."

Dobi alisikia neno gari, kisha mlangoni, kisha jioni. Lile jambo ambalo hakuthubutu hata kulitamka lilikuwa limeingia chumbani kwake limevua viatu, na yeye amekaa anaapa kwamba halihitaji.

"Anaelewa," akasema. "Anaelewa kila kitu. Hakimu, mwanangu, mchezo umekwisha."

Gogo likatazama paa.

"Nisikilizeni, wenzangu. Nilimwambia ajifanye. Ni mchezo tu. Hakimu, umekwisha kweli. Mpe huyu mama mkono. Haya, mpe."

Wageni wakatazamana. Hawakukasirika, na afadhali wangekasirika.

"Nilimfundisha mimi," dobi akasema, sauti imeanza kupanda. "Nilimwambia asinisikilize hata nikilia. Anapanga soksi huyu. Anajua za kila nyumba."

"Mama." Mwanamke wa miwani akamshika bega. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyekwisha kusema maneno haya mara nyingi na kuumia kila mara. "Kila chumba tunachoingia, tukisema hapana, mzazi anatuambia jana aliweza. Kila mmoja. Nawaelewa. Mimi mwenyewe ningesema hivyo."

Dobi akachomoka mbio akarudi na kiti, msusi nyuma yake anahema. Safari hii msusi alikuwa na la kusema na lilikuwa kweli tupu, kwamba yeye ndiye mgeni wa uongo, yeye ndiye aliyemtekenya, mtoto ana akili ya kuuza. Alivyozidi kuapa ndivyo bwana mrefu alivyozidi kuinamisha uso kwa aibu asiyostahili. Wakamkalisha Hakimu kitini. Akateleza kama nguo iliyotolewa majini. Mama yake akamfunga mkanda. Kichwa kikaanguka kifuani, mate yakatiririka juu ya jivu.

"Soksi," dobi akasema, akakokota kapu. Akachukua soksi ya mwalimu, ya kijivu, akaikunja pamoja na ya mwenye duka, akaziweka ubaoni mbele ya mwanawe kama jozi. Alijua anachofanya. Tangu ajifunze kazi hiyo Hakimu hakuwahi kuivumilia jozi mbovu.

Macho ya Hakimu yakashuka kutoka kwenye paa, yakatua kwenye soksi. Yakakaa hapo. Vidole vya mkono wa kushoto vikacheza, kimoja, kisha viwili, na mkono ukanyanyuka kidogo juu ya ubao.

"Unaona?" dobi akanong'ona.

Hakimu akamtazama mama yake. Akayaona machozi. Aliyakumbuka, alikwisha kuonywa habari zake. Mkono ukalala.

"Ni misuli tu," bwana mrefu akasema kwa upole. "Huwa inashtuka yenyewe."

Waliacha fuko la nepi za watoto wakubwa. Lilikuwa ndilo walilokuwa nalo kwa wale waliokosa nafasi. Hakimu hakuwahi kujikojolea tangu akiwa na miaka minne. Akibanwa husema "choo," na akicheleweshwa husema kwa ukali.

Viatu vilipovaliwa na sauti zikavuka mlango wa ua, kichwa cha Hakimu kikanyanyuka. Jasho lilimtoka shingoni kwa kazi aliyoifanya. Akaivuta ile jozi mbovu, akaitenganisha, akaitupa ya kijivu upande wa mwalimu. Kisha akapiga ubao kwa kiganja.

"Me-shinda," akasema.

Msusi akatoka nje. Dobi alinyanyua mkono, na mimi siwezi kuapa kwamba hakutaka kumpiga. Mkono ulikaa juu muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha ukashuka kichwani kwa mtoto, ukalainisha nywele.

"Umeshinda," akamwambia. "Umemshinda kila mtu."

Mumewe alirudi jua bado halijazama, na habari ilikuwa imemfikia njiani, imetiwa viungo na mjumbe. Hakupiga kelele. Alikichukua kiti akakigeuza juu chini, akakagua viungo vyake kama kwamba kosa liko kwenye kuchomelea.

"Kwa nini hukuniambia, mama Hakimu?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Na unga ungeletwa na nani? Na kukataa kwako?"

Walikuwa wamefikishana pale ambapo mtu hasemi tena cha kusaidia, anasema cha kuumiza. Hatimaye fundi akasema, akimwangalia mwanawe, "Mtoto asiye na akili angeushika ule mpira." Akacheka kicheko kifupi kibaya. Akasema kesho mkewe ampeleke hukohuko shuleni, wakamwone kwa macho yao. Yeye hawezi kuomba ruhusa karakanani, akikosa siku anakuta mtu mwingine ameshika kifaa chake.

Asubuhi dobi akamfunga Hakimu mgongoni. Mgongo ulipiga kelele, akajitia hamnazo. Gauni lilikuwa safi, jivu lilimsumbua kulitoa lakini lilitoka. Njia nzima alimweleza mwanawe. Alimwambia mchezo wa gogo umekufa, umezikwa, hakuna tena. Akamwambia yule mama wa miwani ni mtu mwema, kwake kuna watoto, kuna kazi za mikono, kuna gari. Akimwona amsalimu, amwambie jina lake, amwonyeshe mkono.

"Nasema kweli, Hakimu. Leo sidanganyi."

Nyuma ya sikio lake Hakimu alicheka kidogo kidogo, kicheko cha mtu anayetegwa kwa mtego uleule.

"Wallahi sidanganyi. Wageni walishaondoka, siyo? Basi mchezo ulikwisha. Siyo tulikubaliana hivyo?"

Hapo mtoto akafikiri. Hilo lilikuwa na haki ndani yake. Wageni walitoka, na kanuni ilikuwa ileile. "Ndi-yo," akasema, na mwili wake wote ukalegea kwa raha mgongoni. Dobi akaongeza mwendo.

Shule ilikuwa jengo refu lililopakwa rangi juzi tu, na mbele yake gari lenyewe, jeupe, lina ubao wa kupandishia viti vya magurudumu. Hakimu aliliona. "Ga-ri," akasema wazi kabisa, kisha akamsalimu mlinzi wa getini, "Shi-ka-moo," neno alilolifanyia mazoezi miaka miwili. Mlinzi alikuwa anaongea na simu. Aliwaonyesha benchi kwa kidevu bila kuinua macho.

Walikaa kwenye benchi, mtoto bado mbelekoni. Kupitia dirishani waliona watoto kwenye viti, wakipanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Mmoja aliweka cha bluu kwenye vyekundu, na Hakimu akaguna kwa kutoridhika. Dobi alitamani ukuta ule ungesikia. Akasikia furaha, kitu alichokuwa hajakisikia tangu sijui lini. Akamwambia mwanawe, "Utawanyoosha hao." Mtoto akasema ndiyo.

Mlango wa mwisho ukafunguliwa. Mwanamke wa miwani akatoka na makaratasi mkononi, akawaona, akasimama. Kisha akaja, uso wake umejaa ile huruma ambayo jana ilikuwa imetafutwa kwa udi na uvumba.

"Mama," akasema. "Umembeba mpaka huku?"

Dobi akasimama ili mtoto aonekane vizuri. Alikuwa ameanza kutabasamu. Alisema, "Amekuja kukusalimu mwenyewe," akageuka ubavu, akangoja.

Kichwa cha Hakimu kikaanguka begani kwake, kizito. Kinywa kikafunguka. Mate ya uvuguvugu yakamshuka dobi shingoni, yakaingia ndani ya blauzi. Na chini ya mbeleko, mahali ambapo mgeni hawezi kuona, vidole vya mkono wa kushoto vikamtafuta mama yake mbavuni, vikambinya taratibu, kumjulisha kwamba asiwe na wasiwasi, amemtambua mgeni.